Ameshinda au tumeshinda?

*Msichana wa Makueni alipoipa Bahrain dhahabu jijini Paris, banda umiza moja la Mwananyamala liligawanyika. Mwandishi wetu, shabiki wa riadha wa miaka mingi, anauliza medali ya Olimpiki ni mali ya nani.*

Na Mwandishi Wetu

Mwenye banda alikubali kubadilisha chaneli kwa sharti moja: mbio zikiisha tu, anarudisha mpira. Ilikuwa Jumanne, Agosti 6, 2024, saa nne usiku na ushee, katika banda umiza moja la Mwananyamala, Dar es Salaam. Tulikuwa watu kama kumi na tano kwenye mabenchi ya mbao, chini ya feni moja iliyozunguka kwa kujivuta. Aliyeomba riadha ni mimi, na ili kupoza manung'uniko nikawalipia kiingilio vijana watatu waliokuwa wanasitasita mlangoni.

Jijini Paris, ndani ya Stade de France, wanawake walikuwa kwenye fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mzunguko wa mwisho Peruth Chemutai wa Uganda akawa mbele, na ghafla banda zima likageuka la Waganda. "Twende mama! Twende!" Kijana wa bodaboda ambaye muda mfupi kabla hakujua hata mbio hizo zinaitwaje alikuwa amepanda juu ya benchi.

Kisha ikaja jezi ya Bahrain. Winfred Yavi alimfikia Chemutai katika mita za mwisho, akampita, akamaliza kwa dakika 8:52.76, rekodi mpya ya Olimpiki. Chemutai alitumia 8:53.34. Faith Cherotich wa Kenya akachukua shaba kwa 8:55.15.

Banda likanywea. Aliyekuwa anapiga makofi ni mtu mmoja tu, dereva wa lori kutoka Kenya ambaye alikuwa na siku tatu anasubiri mzigo bandarini.

"Mutile huyo!" alisema. "Winfred Mutile. Ni msichana wa Makueni, bwana."

"Sasa unashangilia nini?" kijana wa bodaboda akamjia juu. "Dhahabu si imekwenda Bahrain?"

"Imeenda. Lakini Mutile si jina la Bahrain."

Mwenye banda akarudisha mpira.

Kiambishi cha wasiokimbia

Majibizano yale nimeyarudia kichwani mara nyingi, na aliyenishangaza zaidi ni mimi mwenyewe. Chemutai alipokuwa mbele nilikuwa nimeshasema "tunashinda." Tunashinda na nani? Mimi ni Mtanzania, Kapchorwa ya Uganda sijawahi kufika, na kilometa tatu za kukimbia zingenifikisha zahanati.

Kiswahili kina huruma kwa watu wa aina yangu. Kiambishi kimoja, *tu-*, kinatosha kumwingiza uwanjani mtu aliyekaa na soda yake mkononi. Lakini kiambishi hicho kinajua pia kumtoroka mwenzake mambo yakiharibika.

> Bingwa wetu akishinda, tumeshinda. Akibwagwa, kashindwa.

Kwa maandishi, Olimpiki haina hiyo *tu-*. Kanuni ya 6 ya Mkataba wa Olimpiki inasema michezo hii ni mashindano kati ya wanamichezo, mmoja mmoja au kwa timu, na si kati ya nchi. Mengine yote yanakwenda kinyume. Mwanariadha hajisajili mwenyewe, anasajiliwa na kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Siku ya ufunguzi anaingia nyuma ya bendera, na akishinda anapigiwa wimbo wa taifa. Kisha magazeti, hili letu likiwamo, yanachapisha jedwali la medali. Paris, Marekani na China zilifungana kwa dhahabu 40 kila moja, ikabidi medali za fedha ziamue nani akae juu, utadhani ni tofauti ya mabao kwenye ligi.

Sisi jedwali hilo huwa tunalisoma kuanzia chini. Katika historia yote ya Olimpiki Tanzania ina medali mbili, zote za fedha, zote za Moscow 1980: ya Filbert Bayi kwenye viunzi na maji na ya Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Paris tulipeleka wanamichezo saba, wakarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo shabiki wa Olimpiki wa Kitanzania ni mpangaji. Anaishi kwenye ushindi wa majirani na kodi anailipa kwa kelele. Eliud Kipchoge wa Kenya ni "wetu." Joshua Cheptegei wa Uganda ni "wetu." Yavi alitutatiza kwa sababu alikuwa jirani aliyehama mtaa, na hatukuwa na uhakika kama bado tunaruhusiwa kupiga hodi.

Mlango wa watu watatu

Anayetaka kumwita Yavi msaliti aanze kwa kuutazama mlango wenyewe. Katika mbio za Olimpiki nchi haiwezi kuwa na zaidi ya wanariadha watatu kwa kila shindano. Kwetu nafasi tatu ni nyingi hata hatuzijazi. Kwa Kenya, hasa kwenye mbio ndefu, ni tundu la sindano.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 2012. Patrick Makau alikuwa anashikilia rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2:03:38, aliyoiweka Berlin mwaka 2011. Geoffrey Mutai, mwaka huohuo, alikimbia Boston kwa 2:03:02. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu ya umbo la njia ya Boston, lakini hapakuwa na binadamu aliyewahi kumaliza marathoni haraka kiasi hicho. Timu ya Kenya ya London ilipotangazwa, wote wawili hawakuwamo. Mtu mwenye kasi kuliko wote duniani aliitazama Olimpiki kama mimi, kwenye televisheni.

Na dhahabu ya London ilichukuliwa na nani? Stephen Kiprotich wa Uganda, ambaye mazoezi yake aliyafanya Kenya pamoja na Wakenya. Abel Kirui na Wilson Kipsang wakafuata nyuma yake.

Hapa naomba nitoke nje ya njia kidogo. Kiprotich anatoka Kapchorwa, kwa Wasebei, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na za Wakalenjin wa upande wa Kenya. Mpaka unaowagawa ni wa Waingereza, na Waingereza wenyewe walikuwa wakiusogeza: hadi mwaka 1902 Bonde la Ufa na nyanda za Uasin Gishu, ambako leo kuna Eldoret, zilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Kalamu ile ingetulia mahali pake, nusu ya medali tunazoziita za Kenya zingepigiwa wimbo wa Kampala. Hili silisemi ili kudharau bendera ya mtu. Nalisema kwa sababu wanaopiga kelele kuhusu damu na ardhi huwa wanadhani ramani ilishuka kutoka mbinguni.

Bei ya jina

Lakini kuna kuhama na kununuliwa, na hapo ndipo roho yangu inapoanza kukataa.

Agosti 2003, katika Stade de France ileile, bingwa mpya wa dunia wa viunzi na maji alitangazwa kwa jina la Saif Saaeed Shaheen wa Qatar. Mwezi huohuo ndipo mwenye jina hilo alipolipata. Kabla ya hapo alikuwa Stephen Cherono, Mkenya, na katika fainali hiyo ndugu yake wa damu, Abraham Cherono, alikuwa anakimbia naye akiwa amevaa jezi ya Kenya. Watoto wa nyumba moja walikuwa wapinzani wa mataifa mawili kwa sababu ya karatasi ambazo wino wake ulikuwa haujakauka.

Kenya ilijibu kwa silaha iliyokuwa nayo. Mkataba wa Olimpiki unamtaka aliyebadili nchi asubiri miaka mitatu, isipokuwa nchi aliyoiacha ikubali kuupunguza muda huo. Kenya ilikataa. Shaheen akaikosa Athens 2004, na huko Wakenya wakazoa medali zote tatu. Siku chache baadaye, Septemba 3, akaenda Brussels akakimbia kwa 7:53.63. Rekodi hiyo ya dunia ilisimama hadi mwaka 2023. Medali ya Olimpiki hakuwahi kuipata.

Bahrain nayo iliijua njia hiyo mapema. Mwaka 2016 kule Rio, Ruth Jebet, mzaliwa wa Kenya, aliipa dhahabu katika mbio hizihizi za viunzi akiwa na miaka 19. Paris 2024 nchi hiyo ilipata medali nne: dhahabu ya Yavi, dhahabu ya mieleka ya Akhmed Tazhudinov aliyezaliwa Dagestan, fedha ya mita 400 ya Salwa Eid Naser aliyezaliwa Nigeria, na shaba ya kunyanyua vitu vizito ya Gor Minasyan aliyezaliwa Armenia. Medali nne, na hakuna hata mmoja wa wenye nazo aliyezaliwa Bahrain.

Mwaka 2017 Shirikisho la Riadha Duniani lilisimamisha uhamisho wote. Hamad Kalkaba Malboum, aliyekuwa akiongoza riadha barani Afrika, alikuwa amefananisha hali ilivyo na soko la jumla la vipaji vya Waafrika, ambako mwenye dau kubwa ndiye anayeondoka na mzigo. Kanuni mpya za mwaka 2018 zikaweka miaka mitatu ya kusubiri, zikakataza kumhamisha aliye chini ya miaka 20, na zikadai ushahidi wa uhusiano wa kweli kati ya mwanariadha na nchi inayompokea.

Kinachonichoma mimi ni jina, kuliko hata pasi ya kusafiria. Vivian Jemutai alipohamia Uturuki akawa Yasemin Can. Paul Kemboi akawa Polat Kemboi Arıkan. Mtu akiolewa, akisilimu au akibatizwa, jina jipya lina hadithi. Jina jipya linalokuja pamoja na jezi, hadithi yake ni ipi? Yavi angalau alibaki na lake, na nadhani ndilo lililomwinua yule dereva kwenye benchi.

> Medali nne, na hakuna hata mmoja wa wenye nazo aliyezaliwa Bahrain.

Jambo jingine nililoliona kwa macho yangu. Jebet aliposhinda Rio, alikuwa "Jebet wa Bahrain." Alipofungiwa miaka minne kwa dawa ya EPO, ghafla kila nilichosoma kilimwita "mzaliwa wa Kenya." Ile *tu-* niliyoitaja inatoroka hata kwa walioilipia.

Deni la upande wa pili

Wahenga walituachia *mkataa kwao mtumwa*, na ndiyo methali ya kwanza kutoka mdomoni mwanariadha anapobadili uraia. Lakini hao hao walisema *mcheza kwao hutunzwa*. Mtu hawezi kuidai ya kwanza huku ya pili ameifungia kabatini.

Mtazame Filbert Bayi. Mwaka 1974 mjini Christchurch aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.16, akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ikawa inasubiri marudiano ya Montreal 1976. Hayakuwapo. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuiadhibu New Zealand, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusia. Walker akakimbia bila Bayi na kuchukua dhahabu.

Mimi ni mtoto wa nchi iliyowapa hifadhi wapigania uhuru, na sitasema ule ususiaji ulikuwa kosa. Lakini gharama yake haikugawanywa sawa. Taifa lilipata heshima, na Bayi akalipa kwa mwaka ambao miguu yake isingeurudisha tena. Ile fedha ya Moscow alikwenda kuitafuta kwenye mbio nyingine kabisa.

Henry Rono wa Kenya alilipa zaidi. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000, na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hakuna aliyefanya hivyo kabla wala baada yake. Kenya ilisusia Montreal 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini na Moscow 1980 kwa ajili ya Afghanistan. Rono alifariki Februari 2024 bila kukanyaga mstari wa kuanzia wa Olimpiki hata mara moja. Wakati mwingine najiuliza, pangekuwapo nchi nyingine ya kumpokea enzi zile, ningekuwa na uso gani wa kumlaumu?

Hizo zilikuwa sababu kubwa. Za siku hizi ni ndogo na za aibu. Baada ya Rio 2016 Wakenya walisikia mahakamani jinsi fedha na vifaa vya timu yao vilivyopotelea mikononi mwa waliopaswa kuvitunza. Kule Paris, Favour Ofili wa Nigeria alifika na kukuta jina lake halikuwasilishwa kwa mita 100, mbio alizokuwa amefuzu. Mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba anahamia Uturuki. Mzazi aliyesahau kumwandikisha mtoto shule asishangae kusikia mtoto yuko kwa jirani.

Sheria nazo zina vituko vyake. Bernard Lagat alikimbia kwa niaba ya Kenya kule Athens Agosti 2004, akapata fedha ya mita 1,500. Baadaye ikajulikana kwamba tangu Mei mwaka huo alikuwa raia wa Marekani, wakati Kenya ilikuwa hairuhusu uraia wa nchi mbili. Medali ile Wakenya waliishangilia bila kujua. Katiba ya Kenya ya 2010 ikaja kufungua mlango huo. Sisi bado tumeufunga: Mtanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine, wa hapa unakoma.

Na John Stephen Akhwari wetu? Najua msomaji ananisubiri hapo. Mexico 1968, goti limefungwa bendeji, wa mwisho kati ya waliomaliza marathoni, na lile jibu lake maarufu kwamba nchi haikumtuma mbali hivyo ili aanze tu. Hakuna hoja nzito kuliko hiyo kwa wanaoamini kwamba mwanariadha hukimbia kwa ajili ya taifa. Nakubali, ila Akhwari alilisema neno hilo yeye mwenyewe, akiwa na maumivu yake. Kumwekea mtu mwingine mdomoni ni jambo jingine.

Wasio na wa kuwatuma

Mwaka huohuo wa 2016 Jebet alipoishindia Bahrain, timu ya wakimbizi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, watu kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi za Kenya na kufanya mazoezi Ngong chini ya mwanariadha wa zamani wa Kenya, Tegla Loroupe. Wawili walikuwa wacheza judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, watoto wa Bukavu, mji ambao Kiswahili chake wasomaji wetu wa Kongo wanakijua vizuri. Walikuwa wamebaki Brazil baada ya kwenda huko kwa mashindano. Wote waliingia uwanjani nyuma ya bendera ya Olimpiki, kwa kuwa hakuna taifa lililowatuma.

Paris, Cindy Ngamba, bondia mzaliwa wa Kamerun, akaipa timu hiyo medali yake ya kwanza, shaba. Kwenye jedwali ilionekana kama nchi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Sifan Hassan hanikeri kama Shaheen. Hassan alitoka Ethiopia akiwa binti mdogo, akaingia Uholanzi kama mkimbizi, na huko ndiko alikolelewa kuwa mkimbiaji. Dhahabu yake ya marathoni ya Paris Uholanzi iliifanyia kazi miaka mingi kabla ya kuvuna.

Saa tisa usiku

Septemba 15, 2025, banda umiza lilikuwa limefungwa. Marathoni ya ubingwa wa dunia ilikuwa inakimbiwa Tokyo asubuhi, yaani kwetu usiku wa manane, nami nilikuwa sebuleni na sauti ya televisheni nimeipunguza ili nisiamshe watu.

Saa tisa ilikuwa imepita walipoingia uwanjani. Mbele alikuwa Amanal Petros wa Ujerumani, mzaliwa wa Eritrea aliyefika huko kama mkimbizi akiwa kijana. Nyuma yake walikuwa Alphonce Simbu wetu na Iliass Aouani wa Italia, mzaliwa wa Morocco. Afrika tupu mbele, na mmoja tu aliyevaa jina la nchi alikozaliwa.

Simbu alianza kumfikia Petros. Walifika kwenye mstari pamoja, Petros akajirusha, akaanguka. Saa ikasoma 2:09:48 kwa wote wawili, na ikabidi picha itazamwe. Nikiwa nimepiga magoti mbele ya televisheni, kwa sekunde kadhaa sikujua kama nimeshinda, na Petros aliyekuwa amelala chini hakujua kama ameshinda. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Simbu. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Sikulala tena. Kulipopambazuka nikatoka hadi kwa mama anayekaanga maandazi kwenye kona yetu, mtu wa kwanza niliyemkuta macho.

"Shikamoo mama. Tumeshinda! Simbu ni bingwa wa dunia!"

"Marahaba." Akageuza andazi kwenye mafuta, akalitazama, akaligeuza tena. "Simba? Kwani walicheza na nani usiku wote huu?"